Ngozi ya Ndama na Jitu la Jumapili

Karatu, mkabala na gesti yenye geti la bluu, kuna kiti cha nyuma cha Landrova iliyokufa zamani. Gari lenyewe liliuzwa vipande vipande, kiti kikabaki, na kiti hicho ndicho kijiwe chetu. Mimi Inosenti nakaa pembeni yake juu ya debe, nakata matairi na kushona katambuga. Mikono yangu ina kazi, ila masikio hayana, basi nayakodisha kwa kijiwe bure. Huo ulikuwa mwaka wa themanini na nne. Sukari ilikuwa kitu cha kusimuliwa, na kahawa ya Verediana tuliinywa chungu hivyo hivyo na kumshukuru Mungu. Kwenye kiti asubuhi hiyo alikuwepo Nikodemu, tunayemwita Katibu, kwa sababu duka la ushirika lilikufa lakini kalamu haijatoka mfukoni mwake. Alikuwepo Ngoitiko, Mmasai wa Malambo, askari wa gesti, mtu wa maneno matatu kwa siku. Halafu akaja Elimringi, dereva wa watalii, jina la kijiweni Gia Tano, maana gari lake lina gia nne na yeye anaapa ana ya tano. Alikuja ameshika picha kwa ncha za vidole.

Gia Tano: Katibu, futa mikono kwanza. Hii si mali yangu. Ni ya mgeni wangu, yule mzee wa Kijapani. Bado yuko chumbani anafunga mizigo, saa sita nampeleka uwanja wa ndege.

Tukainama wote, hata Verediana na birika lake. Ilikuwa picha ya rangi nyeusi na nyeupe. Mji mkubwa, maghorofa, nguzo za umeme, na katikati ya mji amesimama mnyama. Nyaya za umeme zilimfika mapajani. Mgongo wake una miiba, mkono wake umeshika kona ya ghorofa na ghorofa linamomonyoka.

Verediana: Yesu wangu. Hiki ni nini?

Gia Tano: Semeni nyinyi. Mzee Hirano anasema huyu alikuwa anaonyeshwa kwenye televisheni kwao, kila Jumapili jioni. Na kila Jumapili mnyama mwingine. Mwaka sitini na sita. Ikifika saa yake, barabarani hubaki mbwa tu.

Verediana: Kila Jumapili mwingine? Na yule wa wiki iliyopita anakwenda wapi?

Katibu: Ngojeni. Mimi televisheni nimeiona kwa macho yangu. Unguja, mwaka sabini na tano, mkutano wa ushirika.

Gia Tano: Uliona nini?

Katibu: Mtu anasoma habari.

Ngoitiko: Mkubwa?

Katibu: Kichwa chake kama kikombe hiki.

Ngoitiko: Basi na huyu mnyama ni mdogo.

Katibu alimtazama Ngoitiko kwa huruma ya msomi, akachomoa kalamu, jambo analolifanya akiwa hajui kitu.

Katibu: Ngoitiko ndugu yangu, sanduku ni dogo, mnyama ni mkubwa. Sikilizeni. Japani ni nchi ya milima ya moto, kama Lengai wetu. Sisi hapa Oldupai wazungu wanafukua mifupa, tunashangilia mifupa. Mjapani naye alifukua. Lakini Mjapani ni mtu wa bidii, alifukua mpaka chini kabisa, akakuta yai. Joto la mlima lilikuwa limelitunza. Akalitotoa. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi.

Gia Tano: Samaki ameingiaje hapo?

Katibu: Huoni magamba? Methali imekaa mahali pake.

Verediana: Mimi siamini mambo ya mayai. Katekista wetu kila Kwaresima anatueleza habari za mnyama atakayetoka baharini mwisho wa dunia. Japani ni bahari kila upande. Mimi nasema hao mwisho wa dunia ulishawapitia, sisi huku bado tuko foleni.

Tulicheka kidogo, halafu tukainama tena, maana picha bado ilikuwa pale na yule mnyama bado alikuwa anatutazama. Ngoitiko alikuwa ameiinamia kuliko sisi wote, fimbo yake imelala magotini.

Ngoitiko: Anakunywa maji wapi?

Katibu: Nani?

Ngoitiko: Mnyama. Tembo watatu wanaharibu bwawa. Huyu anakunywa wapi, na jioni anachungwa na nani?

Hapo ndipo Katibu alipopata nafasi aliyokuwa anaitafuta.

Katibu: Umeuliza la maana. Anachungwa na wizara. Nchi iliyoendelea haiwezi kukosa wizara ya wanyama kama hawa. Kila mkoa ulipangiwa mnyama wake kwa mwaka, kama sisi tunavyopangiwa magunia. Wiki hii mkoa huu unatoa, wiki ijayo mkoa ule. Analetwa mji mkuu kwa meli, anaangusha maghorofa yaliyozeeka ambayo serikali ilitaka kuyabomoa tangu zamani, watoto wanatazama, anarudishwa. Mkoa usiotimiza, mkuu wake anahamishwa. Haba na haba hujaza kibaba.

Verediana: Na watu waliomo ndani ya maghorofa?

Katibu: Wanatangaziwa mapema. Redioni.

Gia Tano alimwacha amalize. Alikuwa na tabasamu la dereva anayemwacha mgeni atafute simba kwa darubini upande wa kulia, huku yeye ameshamwona kushoto. Akaingiza mkono kwenye koti, akatoa picha ya pili, akaiweka juu ya ile ya kwanza.

Alikuwa mnyama yule yule, miiba ile ile. Lakini kichwa hakikuwepo. Shingoni palikuwa na tundu, na ndani ya tundu giza tupu. Maghorofa yale yale yalimfika kiunoni mtu mmoja kijana aliyepiga magoti katikati ya barabara ya mji. Kijana alikuwa ameushika mkia wa mnyama mapajani mwake, sindano mkononi, anashona.

Gia Tano: Huyo ndiye Mzee Hirano. Alikuwa na miaka thelathini na miwili.

Kisu changu kilikuwa kimesimama katikati ya tairi.

Gia Tano: Ni ngozi, jamani. Mpira. Ndani anaingia mtu, anafungwa kwa nyuma, anatembea. Mzee anasema akitoka humo unamwaga jasho kutoka kwenye miguu ya mnyama kama unamwaga maji ya ndoo. Na mji huo waliujenga wao wenyewe, kwa mikono. Milango, mapazia, taa za barabarani zinawaka kweli. Wanajenga siku tano, mtu anaukanyaga dakika moja. Jumatatu wanaanza mji mwingine.

Mimi: Mpira gani huo? Tairi haikunjiki hivyo.

Gia Tano: Sijui mpira gani. Ila nitakwambia kitu utafurahi, Inosenti. Kabla ya hapo huyu mzee alikuwa fundi wa buti za mpira za wavuvi. Mkuu wao wa kazi, mtu aliyezeekea kwenye sinema za majitu, alimkuta sokoni anaziba buti, akautazama mshono, akamwambia njoo.

Niliichukua picha, nikaisogeza karibu na jicho, nikaufuata ule mshono wa mkiani. Mtu ambaye hajawahi kushona mpira hawezi kujua nilichokiona pale. Uzi haukuonekana. Mnyama mkubwa kiasi hicho, na ukingo wa kila kipande umelala chini ya magamba ya kipande kingine. Na yote hayo kwa wiki moja tu. Mimi jozi moja ya katambuga nikiharakishwa naharibu. Niliona aibu, na nilifurahi pia, na vyote viwili vilikuja pamoja.

Verediana: Lakini mtu wa kawaida akitembea anatembea kama mtu. Watoto hawakumjua?

Gia Tano: Kamera inapiga picha nyingi haraka haraka, halafu zinaonyeshwa polepole. Mguu unachelewa kutua. Ukichelewa, unakuwa mzito. Mwanzo, anasema, mkuu wao alitaka hadithi za maajabu tu, mvua isiyokatika, mlima unaohama, mambo ya kutisha ya kila namna. Jitu liwepo mara moja moja. Watoto wakaandika barua magunia kwa magunia: leteni jitu. Basi ikawa kila wiki jitu. Na ngozi ni ghali. Akawa anakata kichwa cha huyu anakishonea kwenye mwili wa yule, anaongeza pembe, anageuza mkia unakuwa shingo. Miaka mingi alifanya hivyo. Watoto walikuwa wanalia, wanajificha nyuma ya mama zao, na Jumapili inayofuata wamekaa tayari.

Katibu aliirudisha kalamu mfukoni taratibu. Wizara yake ilikuwa imekufa, lakini hata yeye hakuonekana kuisikitikia. Ukweli ulikuwa mkubwa kuliko ile wizara.

Gia Tano: Na jana ndiyo mlipaswa kumwona. Asubuhi tulisimama kwenye boma moja la juu, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, apige picha. Kuna mwanamke alikuwa anakamua. Mbele ya ng'ombe ameweka ile ngozi ya ndama mfu, iliyojazwa nyasi. Wewe Ngoitiko unaijua.

Ngoitiko alitikisa kichwa kukubali. Kwa asiyejua: ndama akifa, mama yake anafunga maziwa. Basi ndama anachunwa, ngozi inajazwa nyasi na kushonwa, anasogezewa mama. Ng'ombe analamba, anaguna kwa upendo, maziwa yanashuka. Hata kijijini kwetu Kansay tunafanya.

Gia Tano: Mzee alishuka garini akapiga magoti kwenye mavi, na suruali yake ile ya krimu. Akaushika mshono. Hakutaka tena kwenda kuona faru. Tukashuka kreta nusu saa, tukapanda. Alasiri tunarudi, tukamkuta mume, Meitamei. Mzee akauliza aliyeshona ni nani. Meitamei akasema mimi. Mzee akatoa tochi yake, mpya, na betri ndani. Wakabadilishana. Sasa ngozi iko nyuma ya gari, nimeifunga kwa blanketi. Anasema ataiweka nyumbani kwake pamoja na kichwa cha jitu la kwanza alilolishona. Bosi jana usiku kanishika mkono. Kasema mgeni huyu akiondoka na furaha hivi, Landrova mpya inayokuja mwezi ujao ni yangu.

Alisubiri pongezi. Mimi nilikuwa naanza kumpa. Ngoitiko akaweka kikombe chini, na siku hiyo alizidisha yale maneno yake matatu.

Ngoitiko: Mwanamke alikuwepo?

Gia Tano: Alikuwa ameenda maji.

Ngoitiko: Maziwa ni ya mwanamke. Mume hakamui. Meitamei ametoa kitu si chake.

Gia Tano: Ni ngozi ya ndama tu, kaka. Watashona nyingine.

Ngoitiko: Ndama amekufa mmoja. Ngozi yake ni moja. Ya ndama mwingine ng'ombe ananusa, anakataa. Jana jioni ng'ombe yule ametoa maziwa?

Gia Tano alichezea ufunguo wa gari. Verediana alimtazama, akamtazama Ngoitiko, akauliza lile ambalo mwanamke angeuliza.

Verediana: Ana mtoto mchanga, huyo mama?

Gia Tano alisema hakuangalia. Lakini alisema akitazama upande wa gari, na mimi nikajua aliangalia.

Katibu: Asiyekuwepo na lake halipo. Hiyo imekaa vizuri.

Ngoitiko: Hiyo imekaa vibaya.

Lori tupu lilikuwa linashuka kutoka lango la Ngorongoro kuja kuchukua mahindi. Lilisimama ng'ambo ya barabara, akateremka mwanamke wa Kimasai, shuka za bluu, mtoto mgongoni. Alivuka bila kutazama magari, akalipita gari la Gia Tano, akalitazama, akaja moja kwa moja mpaka kwenye kiti chetu. Ngoitiko alisimama, akamsalimu kwa Kimaa.

Ngoitiko: Takwenya.

Mwanamke: Iko.

Wakaongea Kimaa kwa kifupi. Jina lake Naipanoi. Akafungua pindo la shuka, akatoa tochi, akaiweka juu ya kiti, katikati yetu.

Naipanoi: Ngozi ya ndama wangu.

Gia Tano: Mama, shikamoo. Mume wako alikubali mwenyewe. Mbele ya macho yangu.

Naipanoi: Mume wangu anakamua?

Gia Tano: Hapana, ila...

Naipanoi: Jana jioni ng'ombe amekataa. Leo asubuhi amekataa. Kiwele kimejaa, anapiga teke, analia, anazunguka boma anatafuta. Huyu mtoto ana meno mawili. Mimi maziwa yangu yameisha tangu ukame.

Alizungumza bila hasira, kama mtu anayetaja mambo yalivyo. Gia Tano aliangalia saa, akaangalia geti la bluu. Najua alikuwa anaiona ile Landrova mpya, na mimi simcheki, maana ya zamani amelala chini yake usiku mwingi akiitengeneza. Alisema mgeni ameshatoa kitu chake, alisema bosi, alisema ndege. Kila alichosema kilikuwa kweli na hakikusaidia kitu.

Verediana alimpa Naipanoi nafasi akae. Alipokaa aliziona zile picha. Ile ya mnyama juu ya mji aliitazama kidogo tu. Ile ya pili aliichukua, akaigeuza kwenye mwanga, akaweka kidole juu ya sindano.

Naipanoi: Huyu ni nani?

Gia Tano: Ndiye huyo mzee. Zamani.

Naipanoi: Anajaza ngozi.

Katibu: Majitu, mama. Ya kutisha watoto kwenye televisheni. Ni uongo tu, mchezo.

Naipanoi: Na yangu ni uongo. Ng'ombe analamba uongo, mtoto wangu anakunywa maziwa.

Geti likafunguka. Mzee Hirano alitoka na begi dogo, kofia ya kitambaa, mwili mwembamba uliopinda kidogo kiunoni. Alipomwona Naipanoi alimtambua. Uso wake ulifurahi, akainama kumsalimu mpaka kofia ikaanguka. Halafu akaiona tochi juu ya kiti, na furaha ile ikapungua taratibu, maana hakuwa mjinga.

Naipanoi alibaki amekaa. Aliinua ile picha amwonyeshe.

Naipanoi: Dereva, muulize. Sisi hatujazi ngozi mpaka kuna mtoto amekufa, na mama amefunga maziwa. Kwao alikufa nani?

Nimekaa kwenye debe lile miaka mingi na nimesikia maswali mengi. Kama hilo sikuwahi kulisikia. Nilimtazama Katibu, ambaye kila mwezi wa nane hutusimulia kutoka redioni habari za ile miji miwili ya Japani iliyoteketezwa kwa bomu moja moja, na ile mingine iliyochomwa kabla yake. Anayajua yote hayo, tarehe na saa. Asubuhi nzima alikuwa na picha ya mji unaobomoka magotini mwake, na hakuwahi kuyaweka pamoja. Wala sisi.

Gia Tano alikuna kichwa, akatafuta Kiingereza chake cha watalii, ambacho kina majina ya ndege wote na hakina maneno ya namna hii. Alisema polepole. Mzee akamwomba arudie. Akarudia.

Mzee Hirano alisimama pale barabarani, vumbi jekundu linapita miguuni mwake. Hakulia. Aliinua mkono wa kulia mbele ya kifua na kuanza kuhesabu, kwa namna ambayo sijaiona kwetu, anakunja vidole kuingia ndani akianzia gumba. Kila kidole alikitajia jina la mtu kwa midomo bila sauti. Mkono ukajaa, akahamia wa pili. Alipofika kidole cha tatu alisimama, akabaki ameshikilia hapo hapo, kama fundi aliyesahau kipimo. Akaifungua mikono yote miwili na kuitazama ndani.

Hakumpa Naipanoi jibu lingine. Alikwenda nyuma ya gari, akafungua blanketi mwenyewe, akamtoa ndama kwa mikono miwili, akamletea. Akaongea na Gia Tano maneno machache.

Verediana: Anasemaje?

Gia Tano: Anasema ndege iende.

Verediana: Na bosi wako?

Gia Tano: Bosi hakuulizwa swali lile.

Akafunga milango, akawasha gari, akaligeuza kuelekea Ngorongoro ili jioni, saa ya kukamua, iwakute huko. Mzee hakukaa mbele, mahali pa wageni. Alikaa nyuma na Naipanoi, ndama wa nyasi katikati yao, kila mmoja amemshika upande wake kwa sababu barabara ile ina mashimo.